Mgeni kwenye grupu la mashabiki: namna ya kuingia, kukaa na kupata marafiki

Kijana wa Barani au Muyeye, mitaa ya Malindi, anaweza leo kuwa shabiki wa kitu ambacho hakuna jirani yake hata mmoja anayekijua. Mmoja amezama kwenye katuni za Kijapani, ile anime. Mwingine ni tamthilia za Kikorea. Mwingine anafuata Serie A, ligi ya mpira ya Italia, utadhani alizaliwa Napoli, kwa kuwa Kitaliano alikiokota utotoni hapa hapa Malindi, na yuko ambaye akisikia habari za roketi hali wala hanywi. Mtaani hana wa kuzungumza naye. Basi anajiunga na grupu, anaandika "Mambo vipi", anasubiri, hajibiwi, na mwisho wa mwezi anatoka akiamini kwamba wale watu wana maringo.

Mara nyingi hawana maringo. Nasaidia kusimamia grupu la wapenzi wa anime wa huku pwani, na wageni wameingia mbele ya macho yangu, wengine wakakaa hadi wakawa wenyeji na wengine wakapotea kimya kimya. Kinachowatenganisha si ujuzi. Nimeona aliyetazama kila kitu akaondoka bila rafiki, na aliyeanza juzi akapata watu wa kumpigia simu akiugua. Anayekaa ni yule anayeanza na mtu mmoja badala ya kuanza na grupu zima. Kundi halifanyi urafiki na mtu. Mtu ndiye anayefanya urafiki na mtu mwenzake. Hatua nyingi hapa chini zinakusaidia kumfikia huyo mtu mmoja bila kuwakera wengine njiani.

Hatua ya kwanza: chagua mahali, kisha grupu

Grupu la WhatsApp na seva ya Discord (yaani grupu la huko) haziingiwi kwa namna moja hata kama zote ni za timu moja. Kwenye WhatsApp nambari yako ya simu inaonwa na memba wote, na grupu moja linaweza kubeba watu 1,024. Kwa msichana hili si jambo dogo. Kabla hujabonyeza kiungo cha kujiunga, ingia kwenye mipangilio ya faragha, picha yako waachie tu watu uliohifadhi nambari zao, kisha uzuie watu usiowajua kukutia kwenye magrupu bila ruhusa. Telegram inakuruhusu kutumia jina la kubuni na kuficha nambari kabisa, ila lazima uende mwenyewe kwenye mipangilio ukaifiche. Discord haionyeshi nambari, na mazungumzo yake yamegawanywa vyumba: chumba cha kanuni, cha kujitambulisha, cha michoro, cha soga. Mtu mwenye haya namshauri aanzie hapo, kwa sababu kila chumba kinamwambia la kuzungumza.

Reddit, mtandao wa mijadala, ni pazuri kwa kujifunza. Kwa urafiki, si sana. Majukwaa yake mengi huzuia akaunti changa kuanzisha mada, na anayezuia ni programu, si binadamu, kwa hiyo usimwandikie msimamizi kwa hasira. Changia kidogo kidogo chini ya mada za wenzio hadi akaunti ikomae. Kama wewe ni wa hadithi zinazoandikwa na mashabiki, makao yake makubwa ni Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009 na kuendeshwa na watu wanaojitolea, bila matangazo. Kupata akaunti kule unaomba mwaliko na kupanga foleni, lakini kazi nyingi zinasomeka bila akaunti, na hata asiye na akaunti anaweza kubonyeza kitufe cha kudos kumpongeza mwandishi. Jambo moja huwaponza vijana wetu huko: ni marufuku kufanya biashara. Usiweke nambari ya M-Pesa chini ya hadithi yako ukiomba mchango. Itaondolewa, na unaweza kufungiwa.

Halafu bando. Magrupu ya mashabiki hutuma video usiku kucha, na ukiacha simu ipakue yenyewe, bando la wiki linakwisha kabla ya alfajiri. Zima upakuaji wa picha na video siku ile ile unayojiunga, na utie grupu kimya. Ukiona milio mia kwa saa utalichukia grupu lenyewe bure.

Ushauri wangu ni kuanza na mawili tu: moja dogo la Kiswahili, moja kubwa la kimataifa. Lile kubwa litakupa habari. Hili dogo ndilo litakalokupa marafiki.

Hatua ya pili: soma kabla hujasema

Fungua ujumbe uliobandikwa juu. Soma kanuni zote, hata zile zinazokuchosha. Kisha tumia kitufe cha kutafuta, uandike lile swali linalokuwasha. Aghalabu lilishaulizwa na kujibiwa vizuri. Kuuliza si ujinga, lakini anayejibu swali moja kwa mara ya hamsini naye ni mtu, anachoka.

Usome kwa muda gani? Mimi nasema hadi upite mzunguko mmoja kamili wa kile kitu. Kama ni grupu la mpira, subiri mechi moja kubwa ipite. Kama ni tamthilia au anime, subiri sehemu mpya ya wiki itoke. Grupu la Jumanne mchana na grupu hilo hilo dakika tano baada ya bao ni vitu viwili. Ukiwa kimya, tazama mambo haya: wanatuma ujumbe wa sauti au wanaandika tu? Viungo vya nje vinaruhusiwa? Nani anawajibu wageni kwa upole? Huyu wa mwisho mkariri jina. Kila grupu lina watu wawili watatu ambao hawana cheo chochote lakini ndio wanaowakaribisha watu, na mara nyingi rafiki yako wa kwanza atatoka miongoni mwao au kupitia kwao.

Hatua ya tatu: piga hodi na useme shida yako hapo hapo

Sisi tumelelewa kutoa salamu, kungoja jibu, kuulizana hali ya nyumbani, ndipo tuseme kilichotuleta. Ana kwa ana ni adabu. Kwenye grupu, anayesoma salamu yako labda anaisoma saa sita baadaye, akiwa Mwanza au Muscat, na hana la kuijibu. Kwa hiyo weka salamu na neno lako kwenye ujumbe mmoja. Tazama huu:

"Assalam alaykum, hodi wenyeji. Niiteni Tausi, niko Malindi. Nilianza anime mwaka jana kupitia binamu yangu, na ninazopenda zaidi ni zile za michezo, hasa mpira wa wavu kwa kuwa nilicheza shuleni. Kanuni nimezisoma. Kuna anayetazama ya Jumamosi jioni? Ningependa kujua mmeionaje sehemu ya mwisho."

Una jina la kuitwa, mahali, kitu kimoja mahususi anachokipenda, sababu yake, na swali ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye matatu. Mcheza wavu mwingine yeyote kwenye grupu ameshapata pa kushika. Linganisha na "Mambo, mimi mgeni, natafuta marafiki". Huyu amewatwika wenzake kazi yote.

Usiweke jina lako la kitambulisho, shule, mtaa wala picha ya nyumbani. Jina la kubuni linatosha, mradi uchague ambalo hutaona haya likitajwa mbele ya mama yako, maana likishika halibanduki.

Kuhusu namna ya kuwaita watu: hujui umri wala jinsia ya aliye nyuma ya picha ya katuni. "Ndugu" haimkosei mtu yeyote. "Mrembo" na "mpenzi" ziache kabisa, hata kama wengine wanazitumia baina yao, kwa kuwa wao wamezoeana. Kwenye magrupu ya taarabu na ya ushairi wamo watu wazima, wengine walimu wastaafu, na huko "shikamoo", "Mwalimu" na "Bi" zina kazi yake ile ile ya barazani. Nimeona bibi wa Mambrui akimfunza kijana mizani ya shairi usiku mzima kwa sababu tu kijana alianza kwa shikamoo na akaandika kama mtu aliyekuja kujifunza.

Hatua ya nne: jibu wenzako

Hapa ndipo urafiki unapotengenezwa, na ndipo wageni wengi wanaporuka. Wanafikiri ili wajulikane lazima waanzishe mada. La. Kwenye grupu lolote wanaoanzisha ni wengi, wanaojibu vizuri ni wachache, na anayejibu vizuri hukumbukwa.

Tuseme dada mmoja wa Kisumu Ndogo ameweka mchoro wake: mhusika maarufu wa anime, ila amemvisha leso mbili, moja kiunoni na moja begani, na kwenye pindo ameandika jina lisiloonekana vizuri. Watu kumi na tano wameshatia alama ya moto. Wewe unaweza kutia ya kumi na sita, au unaweza kuandika:

"Dada, mikunjo ya hii leso ya begani imenishika. Inaonekana kabisa kitambaa ni kipya, bado hakijafuliwa. Umetumia penseli au ni ya simu? Na kwenye pindo umeandika jina gani, nimekuza picha nimeshindwa kulisoma."

Aliyechora alikaa na ile leso pengine siku mbili. Hakuna aliyeigusa hadi wewe. Atakujibu, na atakujibu kwa urefu, kwa sababu umemuuliza jambo ambalo alikuwa akitamani kuulizwa. Siku utakapoweka chako atakuwa wa kwanza kukitazama.

Kanuni yangu ni kwamba jibu zuri lina kitu kimoja ambacho usingeweza kukiandika bila kuitazama kazi kwa makini. Kwa hadithi ya shabiki, taja mstari au tendo. Kwa uchambuzi wa mechi, taja dakika au mchezaji anayemzungumzia kisha ongeza ulichokiona wewe. Kwa anayelia kwamba mhusika wake amekufa, huna haja ya uchambuzi. Mwambie nawe iliuma, umuulize tukio gani atalikumbuka zaidi.

Usirekebishe kazi ya mtu bila kuombwa. Hili lina nguvu zaidi kwenye hadithi na michoro. Anayeandika hadithi ya mashabiki halipwi, halipishi, anafanya kwa mapenzi, na "ungefanya hivi ingekuwa bora" kutoka kwa mgeni inaweza kumnyamazisha mwaka mzima. Ukikutana na hadithi usiyoipenda, ifunge. Alama na maonyo huwekwa juu ya hadithi ili uchague mapema. Ukishasoma onyo ukaingia, lawama si ya mwandishi.

Fanya hivi kwa watu watatu wanne wale wale, si kwa watu mia. Rudi kwao wiki inayofuata. Uliza lile jambo waliloliacha njiani: mchoro ulikamilika? Ile sehemu ya pili utaiandika lini? Watu hawategemei kukumbukwa na mgeni, na wakikumbukwa wanafunguka.

Hatua ya tano: spoila, saa, na picha za watu

Kufichua mwisho wa hadithi kwa asiyeuona ni kosa linalovunja magrupu. Kumbuka hapa kwetu wengi wanafanya kazi hotelini, zamu inakwisha usiku wa manane. Wengine wanangoja bando la bei nafuu. Wengine wanangoja tafsiri. Kama kanuni hazikusema muda, ngoja angalau hadi kesho yake usiku. Discord na Telegram zina njia ya kufunika maneno: weka mistari miwili ya wima mwanzoni na miwili mwishoni, hivi ||amekufa||, na atakayetaka atabonyeza aone. WhatsApp haina kifuniko hicho. Huko andika kwanza "SPOILA, sehemu ya 8", kisha shuka mistari mingi mitupu ukiweka nukta kila mstari, ili maneno yenyewe yajifiche chini ya "soma zaidi". Na picha inaonyesha yote hata kabla ya kusomwa, kwa hiyo usiitume kabisa.

Saa ndiyo inayotusumbua sisi wasemaji wa Kiswahili. Ukiwaambia watu wa grupu la kimataifa mtatazama pamoja "saa mbili", ukaigeuza neno kwa neno, wao watakungoja saa nane ya usiku. Andika kwa tarakimu za saa 24 pamoja na eneo: 20:00 UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Seoul na Tokyo ziko mbele yetu kwa saa sita mwaka mzima, hivyo tamthilia inayoanza saa nne ya usiku kule, kwetu ni saa kumi ya jioni. Italia hubadilisha saa, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mechi ya 20:45 kwao, kwetu huwa saa tano kasorobo usiku wakati wa baridi yao, na saa nne kasorobo wakati wa joto lao. Ukiwa na marafiki wa grupu la Kitaliano, kujua hili kunakuepusha kufika mechi ikiwa kipindi cha pili.

Wakati wa Ramadhani waambie marafiki wa mbali mapema kwamba magharibi utapotea na utarudi baada ya tarawehe. Wasipoambiwa hudhani umewakasirikia.

Picha sasa. Mchoro wa shabiki una mwenyewe. "Nimeokota Pinterest" si jibu la ulikoutoa. Kabla ya kutuma, utafute kwa Google Lens au SauceNAO, ambayo ni maalumu kwa michoro ya aina ya anime, upate ukurasa wa mchoraji. Wachoraji wengi wa Kijapani huandika wazi kwenye kurasa zao kwamba hawataki kazi zao zipakiwe upya. Basi tuma kiungo cha ukurasa wake, usitume picha. Usipompata mwenyewe, usitume. Picha zilizotengenezwa na akili bandia zinapigwa marufuku kwenye magrupu mengi ya wachoraji, na pale zinaporuhusiwa, sema wazi kuwa ndizo. Mtu aliyejifunza kuchora kwa miaka ana haki ya kujua anapongeza nini.

Hatua ya sita: utani una wenyewe

Ukijiunga na grupu la Simba au Yanga, au la Gor Mahia wiki ya Mashemeji Derby, mechi yao na AFC Leopards, utakuta watu wanatupiana maneno ambayo kama hujui ungepiga simu polisi. Ni utani, na Waswahili tunaujua tangu zamani: watani wa jadi wanachomana mchana na kuzikana jioni. Simba na Yanga wamekuwa wakitaniana tangu miaka ya 1930.

Lakini utani una haki yake, na haki hiyo hupatikana kwa kuzoeana. Mgeni haanzishi. Akitaniwa anacheka, akiweza anarudisha kidogo, juu ya timu. Mama wa mtu, dini yake, kabila lake, maradhi yake na umaskini wake haviguswi na yeyote, awe mgeni au mwasisi wa grupu. Ukiona vinaguswa na wasimamizi wako kimya, toka. Hapo hapana grupu.

Ubishi wa kweli ni kitu kingine. Kwenye anime watu hubishana nani angemshinda nani. Kwenye muziki wa Korea hubishana hesabu za kura na mauzo. Bishana mara moja, toa hoja yako, acha. Ukijikuta unaandika jibu la nne kwa mtu yule yule, weka simu uende ukanunue viazi karai. Hakuna aliyewahi kupata rafiki kwenye jibu la nne.

Hatua ya saba: ukikemewa

Msimamizi akifuta ujumbe wako, andika "Samahani, nimeelewa", uendelee. Maneno mawili hayo yamewapandisha hadhi wageni wengi kuliko uchambuzi wowote. Kama unaona umeonewa, mwandikie msimamizi pembeni, ujumbe mmoja, kesho yake. Kumbuka pia kwamba WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote kwa muda wa kama siku mbili. Ukigundua mapema umevunja kanuni, rekebisha mwenyewe kabla hujaambiwa.

Hatua ya nane: leta cha kwenu

Mkono mtupu haulambwi. Watu wa Malindi kwenye magrupu ya kimataifa huwa wanajificha, wanadhani hawana la kuwapa watu wa Osaka au Milano. Wanalo.

Chukua wapenzi wa anga. Baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, kuna majukwaa ya San Marco ambako Waitaliano walirushia setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoipokea. Kila mpenzi wa astronomia anaijua Uhuru. Wachache wamewahi kuona ufuo ule. Ukiwaandikia kwamba unaishi mwendo mfupi kutoka hapo, ukaeleza bahari ilivyo na wazee wanayoyakumbuka, utakuwa umewapa kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyao. Wapenzi wa tamthilia za Kichina za enzi ya Ming nao watafurahi kusikia kutoka kwa mtu wa mji ambao mwaka 1415 ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Na kwenye grupu la Serie A, wewe ndiye unayeweza kumtafsiria Mkenya wa Eldoret kile kocha alichokisema kwenye mahojiano kabla ya magazeti kukifikia.

Tafsiri, ratiba ya mechi kwa saa zetu, muhtasari wa sehemu kwa asiye na bando: hizi ni kazi ndogo ambazo hakuna msimamizi anayezikataa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe lichukue mwenyewe. Anza na moja utakayoiweza kila wiki. Ratiba inayotoka kila Ijumaa bila kukosa ina thamani kuliko makala ndefu iliyotoka mara moja.

Hatua ya tisa: kutoka grupuni kwenda inboksi

Mmejibizana wiki kadhaa. Sasa unataka mzungumze wawili. Omba ruhusa mbele ya watu, hapo hapo grupuni: "Ndugu, naweza kukutumia pembeni ile ramani ya wahusika? Ni ndefu, sitaki kujaza grupu." Ukitoa sababu, naye ana nafasi ya kusema hapana bila aibu. Akisema sawa, tuma ulichoahidi, si kingine. Usipige simu. Usipige simu ya video. Usitume "Umelala?" saa saba za usiku. Akichelewa kujibu siku tatu, ana maisha.

Kwa wavulana nalisema wazi: msichana aliyeko kwenye grupu la mashabiki amekuja kwa ajili ya kile anachokishabikia. Wengi walioondoka kwenye magrupu ninayoyajua waliondolewa na inboksi, si na grupu. Ukimwandikia kuhusu hadithi, endelea kuhusu hadithi hadi yeye mwenyewe afungue mlango mwingine, na kama hakuufungua, una rafiki mzuri wa hadithi.

Rafiki yako mpya akikuomba pesa, hata kidogo, hata kwa sababu ya kusikitisha, mwambie huwezi. Akikuomba tarakimu sita ulizotumiwa na WhatsApp kwa SMS "kimakosa", huyo anataka kuiba akaunti yako. Usimpe, na umjulishe msimamizi, kwa sababu pengine huyo si rafiki yako tena bali ni mwizi aliyeshika akaunti yake. PIN ya M-Pesa haitajwi kwa mtu yeyote. Mwenye umri chini ya miaka 18 asikubali mtu mzima amwambie "haya yawe siri yetu". Amwonyeshe mzazi au dada mkubwa siku hiyo hiyo.

Urafiki huu, ukishika, ni urafiki kamili. Nawajua watu waliojuana kwa kubishania golikipa, ambao leo wanapelekeana halua kwa basi la Mombasa kila Idi. Utunze kama mwingine wowote: kumbuka mtihani wa mwenzio, uliza mgonjwa wake anaendeleaje, na siku ambayo hana hamu ya kuzungumza habari za katuni, mzungumze mengine.

Hatua ya kumi: mkikutana ana kwa ana

Msikimbilie. Kwanza zungumzeni kwa sauti mara kadhaa, kisha kwa video, mara moja tu inatosha, ili kila mmoja awe na hakika na mwenzake. Mara ya kwanza kutaneni wengi, watatu au zaidi, mchana, mahali penye watu: kwenye jumba la makumbusho lile la nguzo, karibu na gati, au kwenye mgahawa wa Lamu Road ambao wahudumu wanakujua. Si nyumbani kwa mtu, si chumba cha hoteli, wala si ufuoni jioni. Kila mmoja ajilipie nauli na chakula chake. Picha zisitiwe grupuni hadi kila aliyemo akubali, kwa kuwa wengine nyumbani hawajui kama wao ni mashabiki, na wana sababu zao.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la rafiki yako, nambari yake, mahali mnapokutana na saa utakayorudi. Simu iwe na chaji. Na kama ukifika ukaona aliyekuja siye uliyemwona kwenye video, huna haja ya kumsalimu wala kumweleza kitu: geuka, panda boda, nenda nyumbani, kisha umwandikie msimamizi ukiwa umeshafika.